Je, wajua kwa nini vijiji vya kale vya milima ya Usambara, Tanzania, vilijengwa ukingoni mwa genge, pale mlima unapokatika ghafla?

Mtae, kaskazini-magharibi mwa Usambara Magharibi, umekaa mahali ambapo hatua chache nje ya nyumba mlima unakatika na chini yake yanaanza mbuga za Mkomazi. Vuga, makao ya wafalme wa Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, nayo haikuwa katikati ya milima bali karibu na ukingo wa kusini. Mgeni hushangaa: ndani ya milima kuna mabonde yenye chemchemi, kivuli na udongo mzuri, kwa nini watu waende kujibana kwenye upepo wa ukingoni?

Jibu linaanzia kwenye umbo la milima yenyewe. Usambara si volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba mikongwe sana iliyoinuliwa kwa kukatika kwa ardhi, sehemu ya safu ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kwa sababu hiyo haina kilele kimoja chenye miteremko mirefu ya taratibu. Ina kingo za ghafla, na juu yake nchi pana ya vilima na mabonde. Mombo, iliyo chini, haifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya miji hiyo miwili kuna tofauti ya nyuzi 5 au 6. Safari ya chini ya saa moja kwa gari inakuhamisha kutoka hali moja ya hewa kwenda nyingine kabisa.

Washambaa waliipa tofauti hiyo majina mawili. Juu ni Shambaai, chini ni nyika. Mpaka wake ni kwenye mita 1,000 hivi, lakini hakuna aliyehitaji kipimo, kwani mimea ilitosha kuonyesha. Shambaai ilikuwa nchi ya migomba. Mgomba hupenda mvua inayogawanyika vizuri katika mwaka, na majani yake mapana hupunguza nguvu ya matone ya mvua yasichimbue udongo wa mteremko. Shamba la migomba likishashika huzaa miaka mingi bila kulimwa upya. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: likipigwa na ukame mrefu huchukua muda kurudi, na familia yenye migomba peke yake haina cha kula wakati inasubiri.

Nyika ilifuata mwendo tofauti. Mvua zake ni chache na hukosekana mara kwa mara, kwa sababu pepo za Bahari ya Hindi hutua mzigo wao upande wa mashariki na kusini wa milima. Amani, Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na bado Mkomazi, nyuma ya milima, ni nchi ya miiba. Lakini joto la nyika hukomaza nafaka upesi. Mahindi yanayohitaji miezi 5 au zaidi kwenye baridi ya juu, chini hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Mvua fupi ikitosha, mavuno ya nyika hufika nyumbani wakati yale ya mlimani bado mabichi. Huko chini palikuwa pia na mawindo.

Basi kijiji cha ukingoni kilikuwa na ghala mbili. Migomba ilizunguka nyumba, na mashamba ya nafaka yalikuwa chini ya genge. Mwaka mbaya wa upande mmoja haukuwa lazima uwe mbaya wa upande mwingine. Mtu wa bonde la ndani angetembea nusu siku kabla hata hajaanza kuteremka, na shamba la mbali namna hiyo huliwa na nguruwe na ndege kabla mwenyewe hajalivuna. Hata wa ukingoni hakustarehe: kupanda mita 600 na mzigo wa mahindi kichwani ni kazi ya saa 2 au zaidi.

Kwa nini basi wasiende kuishi huko chini? Uvamizi ni sababu moja, maana Wamasai walizunguka tambarare, na kutoka juu vumbi la wageni lilionekana mapema. Sababu ya pili ni homa, na hapa ndipo ujuzi wa wenyeji unapostahili heshima kamili. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefika Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890, aliandika kwamba watu wa milimani waliposhuka pwani waliugua ugonjwa waliouita mbu, kwa jina la mdudu yuleyule waliyeamini ameuleta. Leo tunajua kinachotokea. Kimelea cha malaria lazima kikomae ndani ya mbu kabla ya kuambukiza. Kwenye nyuzi joto 25 hukomaa kwa siku 12 hivi. Kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu wiki 4, na mbu wengi hufa kabla. Kwenye nyuzi 16 hakikui tena. Na kwa kuwa mbu huyo huuma zaidi usiku, kulima nyika mchana na kulala Shambaai kulikuwa kinga ya kweli.

Ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa kutoka Vuga, ulioanzishwa katika karne ya 18 na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, ulisimama juu ya mpangilio huohuo. Mfalme, ambaye cheo chake kilikuwa Simba Mwene, alipokea kodi kutoka pande zote na alitegemewa kuleta mvua. Neno la kazi yake njema ni *kuzifya shi*, kuitengeneza nchi. Kinyume chake ni *kubana shi*, kuiharibu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka huko juu.

Kilichoharibu mpangilio huu kilitoka nyika. Biashara ya pembe na watumwa ilipita tambarare, na bunduki zikaja nayo. Semboja, mwana wa Kimweri, alijijenga Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara, akawa na nguvu kuliko Vuga. Kisha Wajerumani wakaleta reli, iliyofika Mombo mwaka 1905, na mashamba makubwa ya mkonge yakachukua ardhi ya chini, huku sehemu za misitu ya juu zikifungwa kuwa hifadhi. Mkulima akabanwa katikati, akalima miteremko mikali kila msimu bila kuipumzisha, tena kwa mahindi, ambayo hayafuniki udongo kama migomba.

Mmomonyoko uliofuata Waingereza waliujibu kwa amri. Mradi wa Mlalo, ulioanza mwaka 1946, uliwalazimisha watu kuchimba matuta kukinga mteremko. Kitaalamu tuta hupunguza mwendo wa maji, ni kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, sehemu kubwa ikiwaangukia wanawake, na haikumrudishia mtu shamba lake la pili. Upinzani ulikuwa mkali hadi mradi ukaachwa mwaka 1957.

Leo mabonde ya Lushoto yanajulikana zaidi kwa kabichi, nyanya na karoti zinazoteremshwa kwa malori hadi Dar es Salaam. Ila kwenye vijiji vya ukingoni vijia vya kushuka gengeni bado vipo, vimechimbika kwa nyayo, vikiishia kwenye mashamba ya mahindi ya chini.