Ubao wa Mawasiliano kwa Mtoto Asiyeweza Kutamka

Miongoni mwa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaoletwa kliniki hapa Moshi, wapo wanaoelewa wanayoambiwa lakini hawawezi kujibu kwa maneno, kwa sababu athari iliyotokea kwenye ubongo imegusa sehemu zinazoongoza misuli ya ulimi, midomo na koo. Baadhi yao walipata manjano kali (ngozi na macho kugeuka rangi ya njano) siku chache baada ya kuzaliwa na hawakutibiwa mapema. Viungo vyao hujipinda bila kutulia, ilhali uelewa mara nyingi umebaki. Kwa kuwa tumezoea kupima akili kwa usemi, mtoto wa namna hii huhesabiwa kuwa hajui kitu, na watu huacha kabisa kuzungumza naye.

Mtoto huyu anaweza kujibu kwa ubao wa mawasiliano, yaani ubao wa picha anazozionyesha badala ya kutamka, na wa kuanzia si wa gharama. Karatasi moja ngumu yenye picha sita au nane, iliyofunikwa kwa nailoni kwenye duka la steshenari ili isiharibiwe na mate wala uji, inatosha. Mtoto huonyesha kwa kidole au kwa ngumi. Mikono isipotii, mtu mzima hupitisha kidole juu ya picha moja baada ya nyingine, na mtoto hutazama juu kumaanisha ndiyo. Picha zitoke kwenye maisha yake mwenyewe. Ubao uliochapwa kutoka intaneti, wenye tufaha na pitsa, utamsaidia nini mtoto wa Kibosho anayetaka mtori? Bakuli la nyumbani lililopigwa picha kwa simu linamfaa zaidi.

Tunaona pia mbao nyingi zilizojaa chakula na choo tu. Mtoto naye hukataa, hulalamika na hutania. Picha za "sitaki", "ongeza", "imetosha", "naumwa" na "njoo" ziwemo tangu siku ya kwanza, ingawa hiyo ya "sitaki" itawaudhi wakubwa.

Wazazi huuliza kama ubao utamfanya mtoto azembee kusema. Tafiti zilizofanyika hazijaonyesha kuwa unazuia usemi, na kwa baadhi ya watoto usemi umeongezeka. Linaloamua ni matumizi ya wale wanaomzunguka: mama aguse picha ya maji huku akitamka "maji", kisha ndipo amnyweshe, na mama akimwuliza mtoto swali, ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia. Kungoja huku ni kugumu kuliko kutengeneza ubao wenyewe, na ndipo familia nyingi hukwama.

Kabla ya yote, mtoto apimwe macho na masikio, kwani manjano hiyohiyo huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa kusikia. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, lakini wa tiba kwa vitendo (wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), ambao hufundishwa hapa Moshi katika hospitali ya KCMC, wanaweza kusaidia kumkalisha vizuri na kuchagua mahali pa kuuweka ubao. Walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Patandi mkoani Arusha, wanaweza kuuendeleza darasani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitambua njia mbadala za namna hii kuwa mawasiliano, pamoja na breli na lugha za alama. Kwa hiyo shule isimtake mzazi auache ubao nyumbani kwa hoja kwamba mtoto anauchezea. Zitengenezwe nakala tatu: moja ya shuleni, moja ya nyumbani na moja ya kwa bibi, na picha ziongezwe kila anapozizoea zilizopo.