Hajarudi mwingine: dhana potofu kuhusu nusu kaputi na watoto

Mjukuu wa jirani yangu hapa Mikindani, Mtwara, mtoto wa miaka minne, alipasuliwa ngiri asubuhi, na jioni akarudishwa nyumbani kwa bajaji. Usiku ule aliamka mara tatu akilia. Usiku wa tatu akakojoa kitandani, jambo alilokuwa ameshaliacha. Mama akienda chooni, mtoto yuko nje ya mlango anagonga. Siku ya tano bibi akatoa hukumu: "Huyu siye tuliyempeleka. Nusu kaputi imemchukua wetu, imetuletea mwingine." Kombe, yaani aya za Kurani, likaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa, mtoto akanywa.

Na kombe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hilo neno "mwingine". Nimefanya unesi miaka mingi, na nimeona wazazi wakiahirisha upasuaji kwa maneno kama hayo. Ngiri ya mtoto haina adabu ya kusubiri: utumbo ukinasa humo, upasuaji wa kupangwa unageuka wa dharura, usiku wa manane.

"Ameamka na shetani"

Hili ndilo linalowatisha wengi. Mtoto anafumbua macho lakini hamwangalii mtu. Anarusha mateke, anang'oa kanula (kimrija cha dawa mshipani), anamsukuma mama yake mwenyewe huku akiita "Mama!" Nimemwona mzazi mmoja akianza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti inayotetemeka, wala simlaumu.

Kiswahili kina neno la hali hii tangu zamani: kuweweseka. Hutokea zaidi kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano hivi, ndani ya nusu saa ya kwanza ya kuamka, hasa waliolazwa usingizi kwa dawa za kuvuta kama sevoflureni. Mwili umeshatangulia, fahamu bado ziko njiani. Mara nyingi hupita yenyewe kwa dakika 15 hadi 30, na baadaye mtoto hakumbuki kitu. Ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, nayo ina vituko vyake: macho wazi, yanachezacheza, na mtoto hakuoni.

Wakati huo usimtikise wala kumpigia kelele "niangalie!" Kaa karibu, sema kwa sauti ya chini, mzuie asianguke. Nesi ataangalia kwanza kama anapumua vizuri na kama ana maumivu, maana si kila kilio ni kuweweseka.

"Dawa imebaki mwilini"

Siku ileile, ndiyo, atayumba, atasinzia, pengine atatapika. Asiachwe na baiskeli. Lakini dawa ya kuvuta hutoka kwa pumzi, na za sindano mwili huzivunja na kuzitoa. Mkojo wa kitandani wa usiku wa tatu hautokani na dawa iliyojificha kwenye mifupa.

Unatokana, kwa sehemu kubwa, na hofu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto baada ya upasuaji, na wiki mbili baadaye zaidi kidogo ya nusu walikuwa na badiliko fulani: ndoto mbaya, kung'ang'ania mama, hasira, kukataa kula, kukojoa. Wengi hutulia wiki zinazofuata, wachache huchukua miezi. Walio hatarini zaidi ni wadogo, na wale walioingia chumba cha upasuaji wakiwa wameshikwa na woga. Maumivu yasiyotulizwa nyumbani huongeza, kwa hiyo parasetamoli ipewe kwa saa na kwa kipimo ulichoandikiwa, si mpaka mtoto alie.

"Usimwambie, atalia bure"

Kwangu mimi hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mtoto anaambiwa wanakwenda bandarini kuona meli. Anavalishwa nguo ya Idi. Mara yuko chali katikati ya watu waliojifunika nyuso, mama kaachwa mlangoni, na akiamka ana kidonda. Halafu tunashangaa kwa nini hataki mama aende chooni peke yake.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Kusini tunajua kumwandaa mtoto. Jandoni alikuwa na wenzake, nyimbo, na mtu mzima wa kumwongoza hatua kwa hatua. (Sisemi hakukuwa na maumivu, waliopita huko wanajua.) Hospitali tunampeleka kwa kumvizia. Mtoto wa miaka minne anaelewa akiambiwa siku moja au mbili kabla: "Utawekewa kitu puani na mdomoni, kina harufu, utalala. Daktari atatengeneza hapa. Ukiamka patauma, na utapewa dawa." Mpe kikombe cha plastiki akiweke usoni, aigize kuvuta, amlaze na mdoli wake. Usiahidi kwamba hakutauma. Na ukiambiwa huwezi kuwepo akiamka, usiahidi hilo pia.

"Inapunguza akili"

Hofu hii ilipimwa, tena kwa upasuaji huuhuu wa ngiri. Watoto wachanga 722 katika nchi saba waligawanywa makundi mawili: wengine walilazwa usingizi kwa sevoflureni, wengine wakachomwa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Walipopimwa wakiwa na miaka miwili, na tena mitano, akili zao hazikutofautiana; matokeo yalitoka 2016 na 2019. Usingizi wenyewe, kwa wengi wao, ulikuwa wa chini ya saa moja. Kwa upasuaji wa zaidi ya saa tatu, au unaorudiwa, kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Desemba 2016, kwa hiyo hapo muulize daktari wako bila haya.

Jambo jingine: kabla ya upasuaji, kufunga tangu jana yake jioni si lazima kwa kila kitu. Kwa kawaida chakula kinaachwa muda wa saa sita kabla, maziwa ya mama muda wa saa nne, maji matupu muda wa saa mbili, ila shika ulichoambiwa na hospitali yako. Na mtoto asiyeamshika, anayehema kwa shida, anayetapika bila kukoma, mwenye homa kali au kidonda kinachovuja, rudi naye saa hiyohiyo.

Mjukuu wa jirani alilala usiku mzima siku ya tisa. Bibi anasema kombe limeitika. Sikubishana. Nilimwomba tu, kesho yake wakienda kutoa nyuzi, asimwambie mtoto kwamba wanakwenda kununua aiskrimu.