Wingu la radi lina chaji kiasi gani?

Mkulima wa viazi wa Uyole, Mbeya, ukimuuliza shamba litatoa magunia mangapi (lumbesa tuiache kando), hachukui kona yenye rutuba akaizidisha kwa ekari zote. Anajua mteremkoni viazi vinapungua. Anakisia tuta kwa tuta, kisha anajumlisha. Hiyo ndiyo integresheni inayowatisha vijana wa kidato cha sita, ila matuta yetu sisi ni membamba mno.

Mvua za Mbeya haziji bila radi, kwa hiyo tuchukue wingu. Ndani yake vipande vya barafu hugongana na kugawana chaji. Tuchukulie sehemu yake moja yenye chaji ni tufe la nusukipenyo cha mita 1,000; wingu halisi halina umbo hilo, lakini hesabu inataka pa kuanzia. Katikati, kila mita ya ujazo ina nanokulombu 10, yaani sehemu 10 za bilioni za kulombu, kipimo cha chaji ya umeme. Msongamano huo unapungua sawasawa hadi sifuri ukingoni.

Wanafunzi wangu wengi hukimbilia wastani: katikati 10, ukingoni 0, basi 5. Wanazidisha kwa ujazo wote, wanapata kulombu 21 hivi. Wamekosa.

Limenye wingu kama kitunguu, kila ganda unene wa mita 1. Ganda lililo mita 100 kutoka katikati lina msongamano wa 9, lakini ujazo wake haufiki hata mita 126,000; chaji yake ni kulombu 0.0011. La mita 500 lina msongamano wa 5, ila ujazo wake unapita milioni 3.1: kulombu 0.0157. La mita 900, lenye msongamano wa 1 tu, linabeba 0.0102, mara tisa ya lile la ndani!

Ujazo wa ganda lililo umbali r kutoka katikati, lenye unene dr, ni 4πr²dr. Uzidishe kwa msongamano wa hapohapo, ρ₀(1 − r/R), ambapo ρ₀ ni msongamano wa katikati na R ni nusukipenyo cha tufe, ujumlishe kuanzia r = 0 hadi R:

Q = 4πρ₀(R³/3 − R³/4) = πρ₀R³/3

Weka tarakimu: kulombu 10.5, nusu ya jibu la wastani. Nusu ya ujazo wa tufe hili iko nje ya mita 794, kule chaji ilikokonda.

Ingekuwa waya mnyoofu unaopungua chaji vivyo hivyo, wastani ungetoa jibu sahihi, kwa kuwa vipande vyote vya waya vina urefu uleule. Ndiyo maana kosa hili halitoki kichwani kirahisi: lilishawahi kumpa mtu maksi.