"Mchungaji, nimemaliza miezi yangu sita"

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno. Mtu aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa, yaani akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya kosa lake, akahesabu siku kwenye kalenda, na sasa anadai Meza ya Bwana kama mfungwa anayedai vitu vyake getini. Namuuliza: yule uliyemdhulumu mmeshaonana? Kimya.

Nidhamu si kifungo. Mathayo 18 haitaji muda popote. Unamwendea ndugu peke yako, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Akisikia katika hatua ya kwanza, "umempata nduguyo", na kanisa halina haja hata ya kujua. Kinachotafutwa ni huyo ndugu. Hata Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliopanga kitubio (kipindi cha toba) cha miaka zaidi ya kumi kwa baadhi ya walioanguka katika imani, katika kanuni ya 12 ulimruhusu askofu kumlegezea aliyeonyesha toba kwa machozi, saburi na matendo mema. Waliodhani kuingia kanisani tu kunatosha, hao ndio walioambiwa wamalize miaka yote.

Kwa hiyo wazee wakiniuliza "tumpe muda gani?", nawajibu: mpeni kazi. Arudishe alichochukua. Aungame kwa aliyemkosea, si kwangu tu. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakungoja kupangiwa. Alisimama akasema atarudisha mara nne. Na msinidanganye kwa kilio cha barazani. Paulo anazitenga huzuni mbili katika 2 Wakorintho 7:10, ile ya Mungu inayoleta toba na ile ya dunia, na ninayoiona mara nyingi ni ile ya kukamatwa.

Wengine husema kutengwa ni kufukuzwa. Hapana, Paulo anasema: "msimhesabu kuwa adui, bali mwonyeni kama ndugu." Aje ibadani, asikie Neno. Wanaoacha kumsalimia wamejitungia nidhamu yao.

"Msihukumu"? Soma Mathayo 7 mpaka mstari wa 5: boriti ikitoka, kibanzi nacho kinatolewa.

Wapo pia wasiotaka aliyetubu arudi kabisa. Hao Paulo aliwajibu: msameheni na kumfariji, asije akamezwa na huzuni.

Ila kurudi kundini na kurudishiwa cheo ni mambo mawili. Mtunza hazina aliyekula sadaka akitubu kweli na kuanza kulipa, nitampa mkate na kikombe Jumapili hiyohiyo. Funguo za sanduku atazishika mwingine.