Kihisi Kwenye Zege Hakipimi Nguvu

Nimepigiwa simu tena: "Injinia, kihisi kinasoma megapaskali 20, tutoe mirunda?" Megapaskali ni kipimo cha nguvu ya zege, na mirunda ni nguzo za muda zinazolishikilia. Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja.

Kile kifaa tunachokifunga kwenye nondo kabla ya kumwaga zege kinajua jambo moja tu, joto. Hizo megapaskali kwenye simu yako ni hesabu. Programu inajumlisha joto kwa saa: zege lililokaa nyuzi 30 kwa saa 24 limekusanya 720, na la nyuzi 20 litafika hapo baada ya saa 36. Kisha inaitafuta 720 kwenye grafu iliyotokana na kuvunja kyubu, yaani vipande vya zege vya majaribio, za mchanganyiko huohuo maabara. Nasema huohuo, si unaofanana nao! Ukibadilisha saruji, grafu ile haikuhusu tena.

Halafu kuna maji. Gari la zege limekwama kwenye foleni, linafika zege limeanza kukaza, mtu anachukua mpira na kuongeza maji "kidogo tu". Nguvu inashuka, lakini joto halibadiliki kiasi cha kumshtua mtu, na kihisi kinaendelea kusoma namba ileile ya kupendeza. Slabu ni dhaifu, simu inasema ni nzima, na chini yake kuna vijana wanapiga plasta.

Kifaa chenyewe nakiheshimu. Tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island, West Virginia, Marekani, mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme uliokuwa ukijengwa uliporomoka na kuua watu 51, kwa sababu zege la jana yake lilikuwa halijapata nguvu kwenye baridi. Baridi ya namna hiyo kihisi huiona. Kyubu iliyolala kwenye maji ya maabara haiioni.

Dar shida yetu ni kinyume. Zege linaloanza na joto kali huwahi kushika, lakini nguvu yake ya mwisho hupungua, na kujumlisha joto hakulioni hilo. Namba ya siku tatu za kwanza naiamini. Ya siku ya 28 naipunguza, na kila mara nabishana na nafsi yangu nipunguze kiasi gani.

Kwa hiyo nilimwuliza aliyepiga: kyubu za gari lile zimevunjwa? Bado. Maji yaliongezwa? Akanyamaza. Mirunda ingalipo.