Mstari ule haukukuibia mvua

Nilikuwa dikoni asubuhi nikiwasomea wavuvi utabiri wa kusi, nahodha mmoja akanikata kauli. "Mwanangu, kunja karatasi yako. Mvua yetu ishauzwa Dubai. Tizama pale juu wanavyotunyunyizia dawa." Nikatizama: mstari mweupe wa ndege, umenyooka toka bara hadi baharini. Mara ya nne mwezi huu naoneshwa mstari ule, na kila mara na mtu anayeisoma bahari kunishinda.

Ndege ya abiria hupaa kilomita 10 hadi 12, kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hata zaidi. Mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke ule huganda papo hapo ukawa chembe za barafu. Fungua friza ya samaki mchana wa kaskazi, uone kile cheupe kinachomwagika ukingoni. Si moshi, ni unyevu wa hewa yetu umekutana na baridi. Huko juu hewa ikiwa kavu, mstari hufutika kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Ikiwa na unyevu, hutanda ukakaa saa nzima.

Wanaotaka kuipoza dunia kwa kupunguza mwanga wa jua wanazungumzia kufikisha salfa, ambayo chembe zake huurudisha mwanga wa jua angani, kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, ambalo huku kwetu karibu na ikweta huanzia kama kilomita 16 au 17. Ndege ya Dubai haifiki huko. Salfa ikimwagwa chini ya hapo, mvua huiosha baada ya siku chache. Majaribio yapo, sikatai: kampuni moja ndogo ya Marekani ilirusha maputo mawili yenye salfa huko Mexico mwaka 2022, na Januari 2023 serikali ya huko ikatangaza kuzuia mambo hayo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Harvard lilifutwa Machi 2024 kabla halijamwaga hata gramu.

Basi mvua ilikwenda wapi? Iulize Bahari ya Hindi. Upande wetu ukipata joto na upande wa Indonesia ukapoa, vuli hutufurika, kama 2019 na 2023. Mambo yakigeuka, tunakauka. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikuja na La Niña, yaani kupoa kwa Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, na La Niña haina rubani.

"Lakini Dubai wanapanda mvua." Wananyunyiza chumvi kwenye mawingu ambayo tayari yapo, wakabahatisha nyongeza kidogo. Wingu lenyewe hakuna awezaye kuliumba. Mafuriko yao ya Aprili 2024 yaliletwa na dhoruba kubwa iliyotabiriwa siku kadhaa kabla.

"Salfa ikifanya kazi, tumepona." Kupoza, itapoza. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 na kuirusha salfa hadi stratosfia, dunia ilipoa takriban nusu digrii. Ila mvua za nchi kavu nazo zilipungua, na baada ya miaka miwili hivi chembe zilikuwa zimeshuka. Ukianza kumwaga salfa, lazima uendelee. Ukiacha ghafla, joto lililozuiwa hurudi kwa miaka michache tu. Na hewa ya ukaa huendelea kuingia baharini na kuiongezea asidi, matumbawe yakakosa chokaa ya kujijenga. Masika yetu yatakuwaje? Kila modeli ya kompyuta ina jibu lake.

"Umoja wa Mataifa umeshapiga marufuku mambo hayo." Haujapiga. Mwaka 2010 nchi wanachama wa mkataba wa bayoanuwai ziliombwa zijizuie na mbinu kama hizo, ombi lisilomfunga mtu. Februari 2024, kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, Uswisi ilipendekeza jopo la wataalamu kuhusu kupunguza mwanga wa jua; nchi za Afrika zikataka mbinu hiyo isitumike kabisa. Hawakuafikiana, pendekezo likaondolewa. Mwenye fedha na ndege za kufika huko juu bado halazimiki kutuomba ruhusa, na nahodha akipiga kelele kwa hilo nitampazia sauti.