Wati Nyingi Si Ubora: Dhana Potofu Kuhusu Pawa Saplai ya Kompyuta ya Gemu

Anayejiundia kompyuta ya kuchezea gemu huweza kutumia wiki nzima akilinganisha kadi za grafiki na prosesa, kisha pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotumiwa na kompyuta, akainunua mwishoni kwa fedha zilizobaki. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu pawa saplai ndiyo inayolisha kila kilichomo ndani ya kompyuta, na ile mbovu ikiungua inaweza kuondoka na vifaa vingine vya thamani. Kosa hili mara nyingi hutokana na maneno yanayorudiwa bila kuchunguzwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wati nyingi ndizo ubora. Prosesa na kadi za grafiki za siku hizi huchota karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo linalopaswa kusomwa kwanza ni kibandiko kilicho ubavuni, si namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Pawa saplai ya wati 650 yenye ampea 54 kwenye volti 12 inatoa wati 648 katika njia hiyo, ilhali nyingine inayouzwa pia kwa jina la wati 650 lakini yenye ampea 38 inatoa wati 456 tu, na zilizosalia zimehesabiwa kwenye volti 3.3 na volti 5, ambako mahitaji ya kompyuta ya leo ni madogo.

Wapo pia wanaoogopa pawa saplai kubwa wakidhani itakula umeme mwingi wakati wote. Ukweli ni kwamba hutoa kile tu kinachohitajika. Kompyuta inayohitaji wati 300, ikilishwa na pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90, itachota takriban wati 333 ukutani, iwe pawa saplai hiyo ni ya wati 650 au ya 850.

Nembo ya 80 PLUS, inayoonyesha daraja la ufanisi wa pawa saplai, nayo hueleweka vibaya kwa namna mbili. Wengine hudhani kwamba pawa saplai ya wati 650 yenye ufanisi wa asilimia 90 hutoa wati 585 pekee, lakini wati zilizoandikwa ni zile zinazoifikia kompyuta. Upotevu hugeuka joto ndani ya pawa saplai, na hufidiwa kwa kuchota umeme zaidi ukutani. Wengine hulichukulia daraja la Gold, mojawapo ya madaraja ya nembo hiyo, kuwa hakikisho la usalama. Daraja hilo, katika kipimo cha volti 115, hudai ufanisi wa asilimia 87 mzigo ukiwa asilimia 20, asilimia 90 mzigo ukifika nusu, na asilimia 87 mzigo ukiwa kamili. Halisemi lolote kuhusu utulivu wa volti, wala kuhusu kinga dhidi ya shoti, mzigo kupita kiasi au joto kali. Kwa maoni yangu, kinga hizo ndizo zinazostahili kulipiwa kabla ya nembo yoyote, na njia ya kuzijua ni kusoma majaribio ya kina ya modeli yenyewe, kwani kampuni moja huweza kuuza nzuri na dhaifu kwa pamoja.

Kujumlisha wati za kila kifaa na kuishia hapo hakutoshi. Kadi ya grafiki yenye nguvu huweza kuruka mbali juu ya wastani wake kwa muda mfupi mno, na pawa saplai isiyo na nafasi ya ziada ikajizima katikati ya gemu. Ndiyo maana toleo la ATX 3.0 la kanuni za utengenezaji wa pawa saplai, lililotolewa mwaka 2022, linazitaka pawa saplai zinazozidi wati 450 na zenye plagi mpya ya kadi za grafiki zihimili hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100.

Dhana ya hatari zaidi inahusu waya zinazochomoleka. Kwa kuwa zinafanana na huingia vizuri, watu huzihamisha kutoka pawa saplai moja hadi nyingine. Upande unaoingia kwenye kadi au diski una mpangilio wa pamoja, lakini upande wa pawa saplai hauna, na kila mtengenezaji huupanga atakavyo, hata kutofautisha modeli zake mwenyewe. Volti 12 zikipelekwa mahali pa volti 5, diski huungua mara tu kompyuta inapowashwa. Anayebadilisha pawa saplai aziondoe waya zote za zamani, hata zile ambazo kuzifikia ni kazi ngumu.